Usimrudishie mteja hundi iliyodunda

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wenye maduka wa Dodoma, hasa wauza vifaa vya ujenzi, wauza jumla wa vyakula na wafanyabiashara wa mazao, kuhusu hundi zinazorudi benki bila kulipwa. Kazi yetu ni kushika vitabu vya maduka na kufuatilia madai. Tunalotaka kusema ni hili: fedha nyingi za hundi zilizodunda hazipotei siku hundi inaporudi. Zinapotea wiki inayofuata, pale muuzaji anapomkabidhi mteja ile hundi na kupokea ahadi, au hundi nyingine ya akaunti ileile.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, sehemu kubwa ya ujenzi wa watu binafsi na wakandarasi wadogo imekwenda kwa mkopo wa dukani. Mkandarasi wa Mtumba, Ihumwa au Nala anachukua saruji, nondo na mabati leo. Malipo ya kazi yake yatatoka baada ya miezi, na katikati hapo dukani inabaki hundi ya tarehe ya mbele. Wengi wao si matapeli. Wamebanwa na wao. Ndiyo maana muuzaji mwenye busara hagombi siku ya kwanza. Lakini kutogomba ni jambo moja na kusalimisha ushahidi ni jambo jingine.

Hundi ikirudi, soma kwanza sababu iliyoandikwa na benki, kwa kuwa hatua zako zote zinategemea hapo. Kuna sababu za karatasi: tarehe haijafika, tarehe imepita miezi sita, tarakimu na maneno havilingani, sahihi haifanani na iliyoko benki, au akaunti inahitaji sahihi mbili na imewekwa moja. Hizo dawa yake ni hundi mpya iliyoandikwa vizuri, na mteja mwaminifu ataitoa siku hiyohiyo. Anayekuzungusha wiki nzima kwa kosa la sahihi yake mwenyewe, mhesabu katika kundi la pili. Kundi hilo la pili ni la fedha: salio halitoshi, au herufi R/D (kwa Kiingereza "refer to drawer") ambazo benki huziweka inapotaka umrudie aliyeandika hundi. Kundi la tatu ndilo baya kuliko yote: akaunti imefungwa, au mwenye akaunti ameagiza malipo yasitishwe. Mtu aliyechukua bati zako Jumatano na kusimamisha hundi Alhamisi hana haja ya kuongezewa siku za kufikiri.

Siku hiyohiyo kusanya karatasi zifuatazo na uziweke kwenye faili moja: hundi yenyewe, au nakala iliyothibitishwa na benki kama hundi imebaki kwao (maana hundi siku hizi husafiri kati ya benki kama picha); hati ya benki inayoonyesha sababu na tarehe ya kurudishwa, taarifa ya akaunti yako inayoonyesha fedha zilivyoingizwa na kutolewa, pamoja na ada uliyokatwa, ankara, oda ya mteja, na hati ya kupokelea mzigo yenye jina, sahihi na namba ya gari lililobeba. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana mara nyingi. Dereva wa fuso anasaini kwa mkwaruzo, hakuna jina, na miezi minane baadaye mteja anasema saruji mifuko 300 haikufika saiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hawakuwa wanatania.

Hundi usiitoboe kwa stepla, usiikunje kwenye zile namba za chini, wala usiandike kitu juu yake. Piga picha pande zote mbili. Kama uliipokea kutoka kwa mtu ambaye si mwandikaji, yaani mteja wako alikupa hundi aliyoandikiwa na mwingine na kuisaini kwa nyuma, saa yako inakimbia. Sheria ya hati za malipo, Sura ya 215, inamlinda aliyesaini nyuma: asipopewa taarifa kwa wakati kwamba hundi imekataliwa, anaondoka katika deni la hundi hiyo. Kwa kipimo salama, mkiwa mji mmoja taarifa imfikie siku inayofuata. Akiwa mji mwingine, itumwe siku inayofuata. Kwa mwandikaji mwenyewe sheria ni laini zaidi, maana aliyeandika hundi bila fedha benki, au aliyesitisha malipo, hawezi kujificha nyuma ya kutopewa taarifa. Hata hivyo mpe. Karatasi moja haikupunguzii kitu.

Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni kama hundi inaweza kurudishwa benki kujaribiwa tena. Inaweza, kama sababu ilikuwa salio na miezi sita haijapita tangu tarehe iliyoandikwa. Lakini kila ikirudi benki itakata ada tena, hivyo usiipeleke kwa kubahatisha. Benki haitakuambia salio la mtu mwingine. Hiyo ni siri ya mteja wao. Ila mkandarasi anajua siku malipo yake yanapoingia, na mkulima wa zabibu wa Mpunguzi au Hombolo anajua kiwanda kinalipa lini. Pata tarehe hiyo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na upeleke hundi asubuhi ya siku hiyo kabla wengine hawajaifikia akaunti. Jua pia kwamba benki hailipi nusu. Hundi ya shilingi 8,000,000 ikikuta 7,900,000 inarudi yote.

Hapo ndipo mazungumzo ya kulipa kwa awamu yanapohitaji akili. Mteja akikuomba muda, kubali, lakini kwa hati ya kukiri deni na si kwa mdomo. Hati hiyo itaje namba ya hundi, tarehe yake, benki na tawi, kiasi, sababu ya kurudi, namba ya ankara na kiasi cha kila awamu na tarehe yake. Iwe na sharti kwamba awamu moja ikipita bila kulipwa, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Iwe na sharti jingine kwamba hundi ya awali inabaki kwa muuzaji mpaka awamu ya mwisho iingie kwenye akaunti. Asaini mbele ya shahidi wake na wako, mbele ya wakili ikiwezekana, na ilipiwe ushuru wa stempu. Faida ya hati hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, na mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi na kusaini, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya.

Akitaka kutoa hundi za awamu, deni la milioni 8 liandikiwe hundi nne za milioni mbili zenye tarehe tofauti kuliko moja kubwa. Moja ikidunda, tatu bado zina nafasi. Kila anapolipa kidogo, risiti iandikwe kuwa ni malipo ya sehemu ya deni la hundi namba fulani na salio lililobaki litajwe. Risiti isemayo tu "imepokelewa kwa shukrani" hugeuzwa mahakamani kuwa ushahidi wa biashara nyingine kabisa.

Na kama mteja ni kampuni, tazama jina lililochapishwa kwenye hundi. Bosi aliyeshuka kwenye Land Cruiser jeupe na kupeana nawe mkono siye mdaiwa wako. Mdaiwa ni kampuni, na kampuni inaweza kuwa na meza mbili na kompyuta moja. Fanya upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kujua wakurugenzi na anuani, na kwenye hati ya kukiri deni mtake mkurugenzi asaini mara mbili: kwa niaba ya kampuni, na tena kama mdhamini kwa jina lake mwenyewe. Akikataa sahihi ya pili, umeshajua anavyoiona kampuni yake.

Ahadi zikivunjika, andika barua ya madai. Haihitaji lugha ya matusi wala vitisho vya jela. Inahitaji namba zote tulizozitaja, jumla ya deni, ada ya benki, akaunti ya kulipia na siku za mwisho. Siku saba zinatosha. Ipelekwe kwa mkono na isainiwe kwenye daftari la kupelekea barua, au itumwe kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, na stakabadhi ihifadhiwe. WhatsApp iongezwe juu ya hapo, isiwe njia pekee. Mazungumzo ya simu yasifutwe, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, mradi uonyeshe ulivyotunzwa na simu iliyotumika ijulikane.

Kisha mahakama. Watu wengi wanaikimbia wakidhani kila kesi ni ya miaka. Hundi ina upendeleo ambao deni la kawaida la dukani halina. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 35, inaruhusu madai ya hundi kufunguliwa kwa utaratibu wa muhtasari. Hati ya madai inaandikwa juu yake kwamba imeletwa kwa utaratibu huo, na mdaiwa hapati haki ya kujitetea mpaka aombe ruhusa ya mahakama ndani ya muda ulioandikwa kwenye wito, akiwa na hati ya kiapo yenye sababu za kweli. Asipoomba, au akiomba akanyimwa, madai huchukuliwa kuwa yamekubaliwa na mdai anastahili hukumu. Mahakama inaweza pia kumpa ruhusa kwa masharti. Mbali na kiasi cha hundi, sheria inakuruhusu kudai riba tangu siku hundi ilipopelekwa benki.

Angalia lakini ruhusa hiyo hutolewa kwa nini. Hutolewa pale mdaiwa anapoonyesha mambo yanayokulazimisha uthibitishe kuwa kweli kulikuwa na mali iliyotolewa kwa hundi ile. Ndiyo sababu tumeisema sana hati ya kupokelea mzigo. Mwenye hundi, hati ya benki, ankara na hati ya mzigo yenye jina ana kesi fupi. Mwenye hundi peke yake ana kesi, lakini ataingia kwenye mabishano. Na aliyemrudishia mteja hundi yake ana deni la kawaida tu, la kuthibitisha kwa mashahidi, mmoja akiwa yule dereva wa fuso ambaye siku hizi yuko Kahama.

Utaratibu huo haupo Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina kanuni zake. Lakini Mahakama ya Mwanzo isidharauliwe. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 inaweza kusikiliza madai ya deni la mkataba hadi shilingi milioni 30, iko karibu, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili chake bila wakili. Kwa hundi ya milioni mbili ya duka la Kibaigwa au Mpwapwa, mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu. Hundi kubwa yenye karatasi zote, ipeleke Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwa utaratibu wa muhtasari na utumie wakili, kwa sababu kosa dogo katika kuandika kichwa cha hati ya madai linakuondolea ule upendeleo wote.

Polisi je? Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika miaka saba. Aliyeandika hundi ya akaunti aliyojua imefungwa anaingia hapo bila shida. Hundi ya tarehe ya mbele ni ngumu zaidi. Muuzaji aliipokea akijua fedha bado hazipo, na mshtakiwa atasema aliahidi, hakudanganya. Kituo cha polisi pia si ofisi ya kukusanya madeni. Anayekwenda huko kwa nia ya kumtisha mteja, kisha akaondoa malalamiko akishalipwa nusu, anajiharibia siku nyingine atakapohitaji msaada kweli. Ukienda, jua kwamba hundi halisi itachukuliwa kuwa kielelezo. Kabla ya kuitoa pata nakala zilizothibitishwa, na udai maandishi ya kuipokea yenye namba ya jalada.

Hukumu nayo si fedha. Itabidi ikazwe, yaani mahakama iombwe kumlazimisha mdaiwa alipe, na hapo anayejua mdaiwa wake anapata kuliko anayejua sheria tu. Akaunti zake ziko benki zipi? Magari yana majina ya nani? Nani anamdai, na yeye anamdai nani? Kama mkandarasi wako anamdai mwenye hoteli au kampuni binafsi malipo ya kazi, mahakama inaweza kuombwa iagize fedha hizo zije kwako moja kwa moja. Mambo haya uliza mapema, wakati wa mkopo, mteja akiwa bado anacheka.

Kuna njia moja ya kupunguza hasara ambayo wenye maduka karibu wote wanaiacha, nayo ni kodi. Ukiuza mzigo wa shilingi 5,000,000 na VAT ya asilimia 18, ankara ni 5,900,000. Laki tisa umeshaitolea ritani, hundi imedunda, na fedha hiyo imetoka mfukoni mwako kumlipia mtu kodi. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inaruhusu kurekebisha hesabu hiyo endapo deni limepita zaidi ya miezi 18 tangu lilipotakiwa kulipwa na umelifuta vitabuni kama deni baya. Mteja akilipa baadaye, VAT inarudishwa TRA. Kwa kodi ya mapato, Sheria ya mwaka 2004 inakubali deni baya liondolewe baada ya mfanyabiashara kuchukua hatua zote za kuridhisha za kulidai na kuamini kwa sababu za msingi kwamba halitalipwa. Hatua hizo utazionyesha kwa nini? Kwa faili lilelile: hati ya benki, barua ya madai, stakabadhi ya EMS, hukumu. Mkaguzi wa kodi hatapokea simulizi. Mhasibu wako alifute deni kwa jina la mteja, namba ya ankara na tarehe, si kwa mstari mmoja wa "madeni mabaya" mwisho wa mwaka.

Kuhusu kujikinga tutasema machache. Hundi inayotoka benki moja kwenda nyingine ina ukomo wa shilingi milioni 10 tangu mwaka 2012, hivyo mtu anayekuletea hundi ya milioni 25 ya benki nyingine ama hajui kazi yake ama anaijua sana. Malipo makubwa yapite TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki, na mzigo utoke fedha zikishaonekana kwenye akaunti. Ujumbe wa simu unaosema hundi imewekwa si malipo. Kuna salio la kitabuni na kuna salio linaloweza kutolewa, na kati ya hayo mawili kuna siku moja hadi mbili za kazi. Matapeli wanazijua siku hizo kuliko wenye maduka. Ndiyo maana hundi zao hupenda kuwasili Ijumaa saa tisa alasiri, na gari la kubebea likiwa limeshawashwa. Mteja mpya wa Ijumaa alipe kwa lipa namba, au asubiri Jumatatu.

Kwa mameneja wa matawi ya benki hapa mjini tuna ombi moja, na hatudhani ni kubwa. Hundi ikikataliwa, mwekaji apigiwe simu siku hiyohiyo na apewe hati yenye mhuri, tarehe na sababu inayosomeka, bila kuambiwa aje wiki ijayo meneja atakapokuwa amerudi. Siku zinazopotea kaunta ndizo zinazotumiwa na mwandikaji kuhamisha akaunti yake. TCCIA mkoa (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) na Jumuiya ya Wafanyabiashara nao wanaweza kusaidia kwa kuchapisha mfano mmoja wa barua ya madai na mmoja wa hati ya kukiri deni, ukurasa mmoja kila kimoja, vigawiwe Majengo, Sabasaba, Soko la Job Ndugai na Kibaigwa. Gharama yake ni rimu chache za karatasi.

Ni sisi,
Watunza vitabu na wafuatiliaji wa madai,
Dodoma